Wati Elfu Kumi, Gitaa Halisikiki

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mpanda, kinachomlaki mteja ni besi. Sabufa zimepangwa barazani zikitazama barabara, taa zake za buluu na nyekundu zinawaka na kuzimika, na kijana wa duka amechomeka flashi yenye nyimbo chache anazojua zitatikisa vioo. Mzee akisimama kutazama, mazungumzo huenda kwa mtindo uleule. "Shikamoo mzee, karibu." "Marahaba." "Hii ni wati elfu kumi, mzee wangu. Ngoja usikie mdundo." Mzee anaomba awekewe Tabora Jazz. Kijana anautafuta wimbo kwenye simu, anaunganisha kwa bluetooth, wimbo unaanza, na gitaa la solo ambalo mzee alikuwa akilisubiri linazama chini ya ngurumo. Kabla ubeti wa pili haujafika, kijana amesharudisha flashi yake.

Mzee anaaga na kwenda zake. Hakuna aliyemvunjia heshima, na pengine hata bei ingezungumzika. Alitaka kusikia muziki, akaoneshwa mashine.

Hali hiyo imewakuta wengi wa rika lake, Mpanda na kwingineko. Hawa ni watu waliopenda vyombo vya muziki tangu ujana, waliojua kutofautisha National na Philips kwa kusikia tu. Kwenye maonesho yoyote, banda la redio ndilo walilolitafuta kwanza, yawe ya Sabasaba kule Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, au ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ambako Katavi hukutana na mikoa mingine ya Nyanda za Juu Kusini. Sasa wanalipita banda hilo bila kusimama. Vijana hudhani ni uzee, kwamba makelele yamewachosha. Sababu ni nzito kuliko hiyo, na inaanzia kwenye redio walizokulia nazo.

Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kikitengeneza redio na betri zenye jina la National. Philips nao walikuwa na kiwanda Arusha. Redio hizo zilifika hadi vijiji vya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, mahali ambapo nguzo ya umeme ilikuwa haijawahi kuonekana. Betri zikichoka zilitolewa, zikaanikwa juani, zikarudishwa zikiwa na nguvu ya kumalizia taarifa ya habari na kipindi cha salamu. Redio ya familia ilivalishwa mfuko wa ngozi wenye matundu madogo mbele ya spika, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na haikuguswa na kila mtu. Baba ndiye aliyezungusha kitufe cha stesheni, taratibu, kwa vidole viwili, kwa sababu kwenye masafa mafupi ukizidisha kidogo tu umeshatoka Dar es Salaam na kuingia kwenye mluzi.

Ndani yake mlisikika sauti za David Wakati na Julius Nyaisanga, na baada yao muziki: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Vijana Jazz ya Hemed Maneti, Dar International ya Marijani Rajabu, na kuanzia 1978 Mlimani Park. Kwa msikilizaji wa Mpanda, hata hivyo, bendi za jirani zilikuwa za Tabora. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, iliufanya Mpanda kuwa mwisho wa tawi lake, na Tabora ndio ukawa mji mkubwa uliofikika kwa treni. Huko kulikuwa na Kiko Kids ya Salim Zahoro, kulikuwa na Nyanyembe Jazz, na kulikuwa na Tabora Jazz ambayo Shem Karenga aliipatia Dada Asha, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini watu wazima huacha sahani zao na kuinuka. Karenga alifariki Desemba 2014. Enzi hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaanzishwa mwaka 2012.

Namna nyimbo hizo zilivyorekodiwa inaeleza mengi kuhusu kinachomkera mzee dukani. Bendi iliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ikiwa kamili, ikapangwa mbele ya maikrofoni, ikapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpiga tarumbeta akiteleza, wote wanaanza upya. Kazi ya mafundi mitambo, akiwamo James Mhilu aliyerekodi bendi nyingi za wakati huo, ilikuwa kupata uwiano wa sauti palepale, kwani nafasi ya kurekebisha baadaye ilikuwa ndogo. Ndiyo maana katika rekodi nzuri za RTD kila chombo kina mahali pake. Solo iko mbele, rithimu inalisukuma kwa nyuma, tumba zinajibu, na besi inatembea bila kumkanyaga mwimbaji. Nyingi ni rekodi za mono. Hazikuhitaji zaidi.

Wanamuziki wenyewe hawakufaidi sana. Malipo ya kurekodi yalikuwa madogo, na mikanda ilibaki kuwa mali ya redio. Hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri nchini, hivyo bendi iliyotaka santuri iliitegemea Nairobi, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia hiyo ikawa ngumu. Mikanda ya RTD kwa hiyo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa nchi hii. Jambo hili lina uzito, na makala haya yatalirudia.

Sasa kuhusu masikio. Sikio la kijana husikia sauti kuanzia hezi 20 hadi karibu hezi 20,000. Umri unapokwenda, sauti za juu ndizo zinazotangulia kuondoka, na wengi waliovuka miaka sitini hawasikii vizuri kinachozidi hezi 8,000 au 10,000. Kwenye maonesho ya vyombo vya muziki hapo ndipo mzee anapofanywa ajione amepitwa, kwa maana anaoneshwa spika zinazopanda hadi hezi 40,000, kiwango ambacho hata mjukuu wake hakisikii. Lakini redio ya mawimbi ya kati haikuwahi kupitisha mengi zaidi ya hezi 4,500 au 5,000, kwa kuwa stesheni za mawimbi hayo zimetenganishwa kwa kilohezi 9 tu. Masafa mafupi nayo yalibanwa vivyo hivyo.

Maana yake ni kwamba karibu kila kilichotoka kwenye redio ya Mpanda mwaka 1975 bado kimo ndani ya uwezo wa masikio ya mzee wa leo.

Kinachomnyima wimbo ni besi. Sauti nzito ikipandishwa sana huzifunika sauti zilizo juu yake, na kadiri inavyopandishwa ndivyo inavyofunika eneo kubwa zaidi. Hii ni tabia ya sikio la kila binadamu, iliyopimwa na wataalamu kwa miongo mingi. Kwa mtu ambaye sauti za juu zimeanza kumpungukia, kufunikwa huko kunamaliza kile kidogo kilichobaki: herufi kama s na f zinapotea katika maneno ya mwimbaji, na ncha ya gitaa inakatika. Kijana aliye karibu naye anasikia mdundo na wimbo pamoja. Mzee anasikia mdundo peke yake. Wote wawili wanasema kweli, na muuzaji angetambua hilo angeshusha kitufe cha besi kabla ya kusema neno lolote.

Ugonjwa huu wa kuonesha mashine badala ya muziki hauko Mpanda tu. Ulaya na Marekani yapo maonesho ya vyombo vya muziki vya bei mbaya, na yaliyo maarufu kuliko yote ni High End ya Ujerumani, yaliyoanza mwaka 1982 mjini Düsseldorf, yakahamia eneo la Frankfurt, na kuanzia 2004 yakawa yanafanyika Munich. Mei 2025 yalifanyika Munich kwa mara ya mwisho kabla ya kuhamishiwa Vienna, Austria. Mwaka 2017 kampuni ya Wilson Audio ya Marekani ilitoa jozi ya spika kwa bei ya dola 685,000, zaidi ya shilingi bilioni 1.5 kwa thamani ya wakati huo. Wateja wa maonesho haya wengi wao ni wanaume wenye umri mkubwa, na miongoni mwao malalamiko ni yaleyale ya mzee wa Mpanda: chumba baada ya chumba hupigwa nyimbo zilezile. Kuna Hotel California ya Eagles iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1994. Kuna Keith Don't Go ya Nils Lofgren. Kuna sauti ya Diana Krall. Ni muziki mzuri, ila umechaguliwa kwa sababu unaipamba spika. Gitaa liko karibu, ngoma ina uzito, makofi ya watazamaji yanajaza chumba. Zinapigwa dakika mbili, kisha mwenye banda anaanza kueleza waya.

Ubora wa spika hizo haulinganishwi na sabufa ya barazani Mpanda, na hilo likubaliwe wazi. Kosa ni moja tu: wimbo umegeuzwa mtumishi wa spika. Mtu aliyeanza kupenda vyombo hivi kwa ajili ya Mbaraka au Marijani hawezi kukaa humo muda mrefu, hata akipewa kiti cha mbele.

Ulikuwapo wakati mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1970 yalifanyika maonesho makubwa ya dunia mjini Osaka, Japani, yaliyoitwa Expo '70, na Tanzania ikawakilishwa na Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiwa na gitaa lake. Matsushita, kampuni ileile iliyokuwa na kiwanda Dar es Salaam, makao yake yalikuwa katika mkoa huohuo wa Osaka na ilikuwa na banda lake kwenye maonesho hayo. Mtengeneza redio na aliyekuwa akisikika ndani ya redio wakawa kwenye viwanja vimoja. Mbaraka hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Lakini picha ya maonesho yenye bendi hai ndani yake ingefaa kutazamwa upya na wanaopanga mabanda ya siku hizi.

Turudi kwenye wati elfu kumi. Herufi PMPO zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye maboksi ya sabufa hazina kipimo cha kimataifa kinachozibana. Kila mtengenezaji hupiga hesabu kwa namna yake, mara nyingi akichukua nguvu ya kitambo kifupi sana kisichofika hata sekunde, na kuizidisha kwa idadi ya spika. Geuza boksi hilohilo, au mashine yenyewe, utafute kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme. Mara nyingi utakuta kimeandikwa kwamba inatumia wati 60, 80 au 100. Hakuna kifaa kinachoweza kuendelea kutoa nguvu inayozidi ile inayoingia. Wati za kweli ni zile zinazoandikwa RMS, na hata hizo zina mipaka yake: ili sikio lihisi sauti imeongezeka mara mbili, nguvu inapaswa kuongezwa mara kumi hivi. Mwenye wati 20 za kweli na chumba cha futi kumi na mbili anao muziki wa kutosha, na majirani zake watamshukuru.

Mpanda ilikuwa na sababu ya ziada ya kuwa makini na tarakimu hizi. Kwa miaka mingi umeme wake ulitoka kwenye jenereta za dizeli za TANESCO, mbali na gridi ya taifa, kabla ya mradi wa laini ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Nyumba nyingi ziliendeshwa kwa sola na betri. Katika mazingira hayo amplifaya ndogo isiyokula umeme ndiyo iliyodumu, na mafundi wa redio waliojua kubadilisha transista na kubandika karatasi ya spika iliyochanika walikuwa watu wa maana kuliko muuza duka. Wapo waliobaki. Wanastahili kazi.

Ipo pia hatari isiyotajwa kwenye boksi lolote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujidhuru. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 kwa wiki nzima. Kijana anayeshinda mbele ya sabufa kuanzia asubuhi hadi magharibi ili kuvuta wateja anapoteza mapema kile ambacho mzee amekipoteza kwa umri, na kilichopotea hakirudi, kwa kuwa seli za vinyweleo zilizomo ndani ya sikio hazioti upya. Wenye maduka wana wajibu wa kumlinda mfanyakazi huyo. Sauti ishushwe. Biashara haitakufa.

Haya yote hayana maana kwamba vyombo vipya ni adui. Simu imewarudishia wazee nyimbo walizodhani zimepotea. Bluetooth imeondoa waya zilizokuwa zikikatika kila mara. Na spika ndogo ya kisasa, ikiwekwa vizuri, inatoa sauti safi kuliko redio ya mbao ya mwaka 1970. Ikiwekwa vizuri ndilo jambo lenyewe. Besi irudishwe katikati. Spika iwekwe mezani usawa wa kichwa cha msikilizaji, mbali na kona ya chumba, kwa kuwa kona huongeza ngurumo. Hatua hizo mbili hazigharimu hata senti na zinazidi faida ya kubadilisha mashine nzima.

Fedha, kama zipo, zina mahali pazuri zaidi pa kwenda. Mikanda ya RTD sasa iko mikononi mwa shirika la utangazaji la taifa, TBC, maelfu kwa maelfu, na tepu ya sumaku haina maisha ya milele. Joto na unyevu huilegeza gundi inayoshika chembe zake, na kila mwaka unaopita bila kunakiliwa unaongeza uwezekano wa wimbo kutosikika tena. Mwaka 2012 kikundi kilichojiita Tanzania Heritage Project kilichangisha fedha kupitia mtandao kwa lengo la kuiingiza mikanda hiyo kwenye kompyuta, na waliochangia walitoka hata nje ya nchi. Nia kama hiyo ilipaswa kutangulia kutoka kwa watu wenye muziki wao. Jozi moja ya zile spika za dola 685,000 ingelipa mishahara ya mafundi wengi kwa miaka mingi wakinakili Kiko Kids, Cuban Marimba na Western Jazz.

Lakini hazina haiko Dar es Salaam peke yake. Katika miaka ya 1980 redio kaseti ziliingia majumbani, na watu wakaanza kurekodi redioni: bendi za Juwata, Maquis na Mlimani Park, vipindi vizima pamoja na sauti ya mtangazaji. Kaseti hizo bado zipo Makanyagio, Inyonga, Karema, na katika makazi ya Katumba na Mishamo walikokaribishwa waliotoka Burundi. Nyingi hazina hata jina juu yake. Baadhi huenda zina matangazo ambayo hayamo tena kwenye maktaba yoyote.

Waandaaji wa Sabasaba na Nanenane wangeweza kutenga banda moja lenye viti, mashine nzuri ya kaseti na fundi wa kunakili, mzee akaja na kaseti yake na kuondoka nayo ikiwa imeingizwa pia kwenye flashi, baada ya kuusikiliza wimbo hadi mwisho wake. Wakati hilo likisubiriwa, mwenye kaseti na aanze mwenyewe. Iondolewe juu ya spika, kwa kuwa sumaku ya spika inaweza kufuta tepu. Itazamwe kama kile kisponji kidogo katikati hakijabanduka. Kikibanduka, fundi anaweza kukihamisha kutoka kaseti nyingine. Izungushwe mbele na nyuma mara moja kabla ya kupigwa. Inakiliwe kwa ubora wa juu ambao kompyuta inaruhusu, hata kama faili itakuwa kubwa, na iandikwe jina la bendi, la mwimbaji na mwaka kwa kadiri anavyokumbuka aliyeirekodi. Anayekumbuka akiwa hai aulizwe mwaka huu.